Kuuza Nyumba Tanzania Bara: Karatasi Kwanza, Tangazo Baadaye

Pita mitaa ya Dar es Salaam utaona kuta zimeandikwa kwa rangi: "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli." Mnunuzi anakuja kwako na wasiwasi huohuo, na wa kuuondoa ni wewe. Kabla ya kumpigia dalali simu, weka nyaraka sawa.

Anzia ofisi ya ardhi, uombe upekuzi rasmi. Utakuonyesha jina la mmiliki, namba ya kiwanja na kitalu, muda wa hati (miaka 33, 66 au 99), na kama kuna rehani au zuio. Lipa pango la ardhi (kodi ya kila mwaka ya kiwanja) unalodaiwa. Jina la kwenye hati likipishana na la kitambulisho cha NIDA, hata kwa herufi moja, mwone wakili mapema akuandalie kiapo.

Mwenzi wako ni lazima aridhie. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yake, hata kama hati ina jina lako peke yako. Ridhaa iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Mauzo mengi hufia hapa: mnunuzi ameshalipa, mke anasikia kwa majirani, anaweka zuio, na kesi inaanza. Nyumba ya marehemu nayo huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena baada ya jina lake kusajiliwa kwenye hati. Muhtasari wa kikao cha ukoo pekee hautoshi.

Sasa tangaza, na useme kweli. "Ina hati" maana yake hati miliki. Kama ulicho nacho ni leseni ya makazi, barua ya ofa, au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, itaje kwa jina lake. Mnunuzi atakayeigundua baadaye ataondoka au atakukata bei vibaya. Andika ukubwa kwa mita za mraba kama ulivyo kwenye ramani ya upimaji, wala si kwa hatua za miguu. Usirushe picha ya hati mtandaoni, maana tapeli anahitaji hiyo tu kughushi nakala. Bango la barabarani liombee kibali halmashauri.

Na dalali andikianeni: bei ya mwisho, kamisheni, na nani anailipa. Bila hivyo atapandisha bei kimyakimya ale cha juu, na nyumba itakaa sokoni ikichakaa jina.

Wakili ndiye aandae mkataba, na malipo yapite benki. Baadhi ya ofisi za mitaa hudai asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia mauzo. Sheria ya Ardhi haina tozo hiyo. Kwa uhamisho mtajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, pamoja na ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Kisha Mamlaka ya Mapato, TRA. Muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida, yaani bei ukitoa gharama za kununua na kujenga. Ndiyo maana risiti za saruji na nondo zina thamani miaka mingi baadaye: asiye na kumbukumbu za gharama hukadiriwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa. Nyumba uliyoimiliki na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15, inasamehewa. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, lakini hilo liandikeni kwenye mkataba. Msiandike bei ya uongo kukwepa kodi. Uthamini utawaumbua, na biashara ikivunjika, mkataba utathibitisha kile kiasi kidogo tu.

Hati halisi ibaki kwa wakili mpaka pesa yote iingie. Siku ya kukabidhi funguo, pigeni picha mita ya umeme ya LUKU na ya maji, zikionyesha namba na usomaji wake, na wote wawili msaini orodha ya vinavyobaki ndani.