SOMO: Kuchagua na kuseti suspensheni ya pikipiki ya mashindano (soma kabla hujaniuliza kliki)

Wakuu, salama?

Kila siku inbox yangu ina swali lilelile: "Niweke kliki ngapi?" (yaani, skrubu za kurekebisha suspensheni nizizungushe hatua ngapi). Nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena namtumia uzi huu bila hata salamu.

Hatua ya 1. Hakikisha pikipiki ni nzima: beringi za usukani, beringi za linki, upepo wa tairi. Suspensheni haitibu beringi iliyokufa.

Hatua ya 2: Kununua. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua springi za uzito wako. Uzito wako ukiwa umevaa, si ule wa mizani ya bafuni. Springi za kiwandani zimetengenezwa kwa mtu wa kati asiyekimbia, na huyo si wewe. Hela ikiongezeka, weka katriji mpya (mtambo wa ndani unaopitisha oili) ndani ya foku zako za zamani, yaani mikono miwili ya suspensheni ya mbele, kisha shokapu ya nyuma yenye kurekebishika urefu. Foku nzima za kubadilisha waachie wenye wadhamini. Kabla hujalipa uliza jambo moja: nani ataifungua na kubadilisha oili, na sili zake zinapatikana? Oili ya shokapu ya mashindano inachoka, angalau mara moja kwa msimu ifunguliwe. Shokapu ya bei mbaya isiyo na fundi itakugeukia chuma chakavu kwenye rafu.

Hatua ya 3: Sagi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa.

Sagi ni kiasi ambacho pikipiki inazama kwa uzito. Ziko mbili: ya pikipiki tupu, na ya pikipiki ukiwa juu yake na helmeti, suti, buti, umejikunja kama uko mbioni. Tafuta watu wawili. Nyanyua tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyobandika kwenye mkia moja kwa moja juu yake. Hicho ni kipimo A. Shusha pikipiki, panda, mmoja akushikie isimame wima. Wa pili abonyeze mkia, auachie uinuke taratibu, apime: B. Kisha aunyanyue kidogo, auachie ushuke taratibu, apime: C. B na C hazitalingana, kwa sababu sili na bushi zinasugua. Jumlisha B na C, gawa kwa mbili, toa kwenye A. Hiyo ndiyo sagi yako. Mbele ni vilevile.

Kwa mbio za lami anzia hapa: nyuma ukiwa juu, milimita 25 hadi 35, pikipiki tupu, 5 hadi 10. Mbele ukiwa juu, 30 hadi 40.

Sasa kisa changu. Msimu wa kwanza nilinunua shokapu nzuri ya mkono wa pili, springi yake ilikuwa ya mtu mwepesi kuliko mimi. Nikapima sagi nikiwa juu, 45. Nikashika spana nikakaza ringi ya prilodi (ile inayobana springi kabla haijabeba uzito) hadi ikasoma 30, nikapiga picha, nikajisifu. Ya pikipiki tupu sikupima. Ningepima ningekuta sifuri: ukiinua mkia kwa mkono, tairi linainuka papo hapo, shokapu haina hata nywele ya kunyooka. Mbioni, kila nikikaba breki, uzito ukihamia mbele, nasikia "ko" chini ya kiti, tairi linaacha lami, mkia unacheza. Nikadhani ni ribaundi (breki ya shokapu kurudi, tutaifikia Hatua ya 5). Nikafungua kliki mbili, nikafunga tatu, nikafungua nne, wikendi nzima. Jumapili mkia ukanipita kwenye kona ya breki nzito, nikavunja mtulinga. Fundi alipokuja kuitazama aliinua mkia mara moja tu, akaniangalia, akauliza: "Hii springi ya nani?"

Kwa hiyo: PIMA SAGI ZOTE MBILI. Ya kwako ikiwa sawa lakini ya pikipiki tupu ni sifuri au karibu nayo, springi ni laini mno kwako. Ya kwako ikiwa sawa na ya tupu ni kubwa mno, springi ni ngumu mno. Prilodi haiongezi ugumu wa springi hata chembe. Inainua pikipiki, basi. Springi ya 90 (namba hiyo ni ya ugumu wake) inabaki ya 90 hata ukikaza hadi uzi uishe.

Hatua ya 4: Kliki. Funga kwa mkono mwepesi, kisaa, hadi igote. Hesabu ukifungua kutoka hapo. Usikaze kwa nguvu: ile sindano ndani ikikwaruza kiti chake, kliki zako zote baada ya hapo ni uongo. Anza na namba za kitabu cha mtengenezaji. Andika kwenye daftari, si kichwani.

Hatua ya 5: Ribaundi kwanza, kompresheni baadaye. Ribaundi ni breki ya kurudi, kompresheni ni breki ya kuzama. Bonyeza mkia kwa nguvu, achia. Mkia ukiruka na kuyumba, ribaundi ni ndogo. Ukirudi kivivu kama mlango mzito, imezidi, na kwenye mabonde yanayofuatana shokapu haitawahi kunyooka kabla ya bonde la pili. Itazidi kuzama, kuzama, mpaka inakuwa ngumu kama mti. Wengi wakifika hapo wanasema "springi ngumu" na kufanya kinyume cha inavyotakiwa.

Mbele, funga zip tai kwenye bomba la foku. Ukirudi utaona imesukumwa mpaka wapi. Lakini ujue kwanza mwisho halisi uko wapi: toa springi, bonyeza foku hadi igote, weka alama. Mara nyingi inagota kabla zip tai haijafika chini kabisa, na watu wanajidanganya kuwa bado wana nafasi.

Hatua ya 6. Badilisha kitu kimoja, kimbia mizunguko kadhaa, andika. Vitu viwili kwa pamoja ni kubahatisha.

ONYO: Tanki la shokapu lina naitrojeni yenye presha kubwa. Usilifungue. Huna vifaa vyake, na kifuniko kikichomoka hakichagui uso.

Karibuni kwa maswali.

---

Speed_Kijana: Mkuu, somo zuri sana. Nina pikipiki ya 600, naomba seti ya kliki.

Mzee wa Foku (mwandishi): Hatua ya 3.

Speed_Kijana: Nimesoma mkuu, ila hukuweka namba za kliki.

Mzee wa Foku: Una kilo ngapi? Springi namba ngapi? Sagi zako mbili zinasomaje? Ukiwa na majibu matatu, rudi.

Binti_Kona: Shikamoo mzee. Kuna kitu kinanichanganya. Springi laini si ndiyo inayozama zaidi? Mbona unasema sagi ya pikipiki tupu ikiwa ndogo ndiyo springi laini?

Mzee wa Foku: Marahaba binti, hilo ndilo swali nililolingoja. Ni kweli, laini inazama zaidi, na ndiyo sababu ulilazimika kuikaza sana ili ikupe 30 ukiwa juu. Kukaza kwako ndiko kumekula sagi ya tupu. Ukikaza, springi inakuwa imeshabanwa kabla haijabeba kitu, na uzito wa pikipiki peke yake hautoshi kuibana zaidi, kwa hiyo haizami. Springi ngumu kinyume chake: unailegeza ili wewe uzame 30, na ikishalegea, pikipiki tupu inajilalia yenyewe. Zile sagi mbili zisome pamoja. Ukisoma moja unasoma nusu ya barua.

Binti_Kona: Nimeelewa! Na mtu akiwa na kompresheni mbili, ya kasi ndogo na ya kasi kubwa, kasi kubwa ndiyo ya kwenye mnyoosho?

Mzee wa Foku: Hapana, na wengi wanaanguka hapo. Kasi inayosemwa ni ya lile shina la shokapu linavyoingia na kutoka, si ya pikipiki. Ukikaba breki, foku zinazama taratibu kiasi: hiyo ni kasi ndogo, hata kama unatoka 250. Ukikanyaga ukingo wa kona au shimo, shina linaruka: hiyo ni kasi kubwa, hata ukiwa 60. Pikipiki ikizama sana kwenye breki, gusa kasi ndogo. Ikikupiga mikononi kwenye mashimo, fungua kasi kubwa.

Mtaalam_Wa_Mtandao: Maneno mengi. Weka shokapu za dhahabu za kampuni ya Öhlins, maliza. Mabingwa wengi wanatumia.

Mzee wa Foku: Sijaipinga, ninayo nyuma. Ile springi ya mtu mwepesi unadhani ilikuwa kwenye shokapu ya rangi gani? Dhahabu haikupima uzito wangu.

Vumbi_Juu: Sisi wa motokrosi vipi? Sagi ya 30 si tutavunjika viuno?

Mzee wa Foku: Namba zangu ni za lami, kaka. Pikipiki yenu ina safari (umbali wote ambao suspensheni inaweza kuzama) ya milimita 300 na zaidi nyuma, kwa hiyo mnaanzia kama 100 ukiwa juu, na tupu 30 hadi 40 hivi. Hesabu ya sagi mbili ni ileile. Na huyo mtaalam hapo juu ajue kwamba Kenth Öhlins alianza 1976 kwenye motokrosi, si lami.

Vumbi_Juu: Asante. Foku yangu ya kushoto inavuja oili. Sili imekufa?

Mzee wa Foku: Labda ni uchafu tu. Shusha kifuniko cha vumbi, chukua kipande cha plastiki chembamba, filamu ya kamera ya zamani inafaa sana, kikate kama ndoano, kipitishe kati ya bomba na sili, zungusha. Utashangaa kinachotoka. Futa, bonyeza foku mara kumi, angalia. Ikivuja tena, badilisha sili, na upapase bomba kwa kucha, kama kuna mkwaruzo sili mpya haitadumu. Na safisha pedi za breki upande huo kabla hujapanda.

Speed_Kijana: Mkuu nimerudi. Kilo 78 nimevaa. Sagi yangu 31, ya tupu 1. Springi imeandikwa 85.

Mzee wa Foku: Sasa tunaongea. Hiyo 1 umeiona? Achana na kliki kabisa. Tafuta springi ya 90, pima upya zote mbili, kisha njoo nikupe pa kuanzia na ribaundi.

Speed_Kijana: Kuna "ko" nilikuwa naisikia kwenye breki. Nilidhani ni mnyororo.