Somo: Meza ya kulia ya Kiitaliano ya miaka ya 50, isafishe bila kuiua kwa msasa

Habari zenu wapendwa. Nipo huku Brianza, kaskazini mwa Milano, na wiki hii karakanani kwetu imeingia meza ya mpalisanda wa Brazili (mbao ngumu ya thamani, Kiingereza rosewood), miguu myembamba inayoishia kwenye vikofia vya shaba ya njano, nzuri mno, ila mwenyewe alishaipiga msasa kona moja kabla hajaileta. Kona ile iliniuma roho, ndo maana naandika.

Jueni kwanza mnachoshika. Uso wa meza hizi mara nyingi sio mbao nzima, ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri, iliyogandishwa juu ya mbao ya kawaida au blokibodi (ubao wa vipande vilivyounganishwa), na unene wa vinia ni kama milimita moja au hata chini ya hapo. Mashine ya msasa inaila kwa dakika chache, ikishatoboka ile michirizi myeusi kwenye kahawia hairudi tena.

Hatua ya 1. Ipindueni watu wawili juu ya blanketi. Skrubu za zamani zina mfereji mmoja tu, ukikuta za msalaba zinang'aa ujue kuna mtu alishapita hapo. Tafuta lebo au muhuri. Usipouona usikate tamaa, karakana ndogo kibao za Cantù na Lissone, miji ya samani huku kwetu, hazikuweka kitu, ila muuzaji akikwambia hii ni ya Gio Ponti au Ico Parisi, wabunifu maarufu wa Kiitaliano, na hana karatasi hata moja, usimlipe bei ya jina.

Hatua ya 2. Gonga uso mzima kwa kifundo cha kidole, taratibu, sikiliza. Pakilia wazi kama debe tupu, vinia imeachia hapo, weka alama kwa chaki.

Hatua ya 3. Hii ndo yenyewe, kujua meza imepakwa polishi gani. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa sehemu iliyojificha, subiri kidogo. Ikinata kidoleni ni shelaki, polishi ya zamani ya utomvu wa wadudu. Isiponata jaribu tina (thinner ya rangi), ikiyeyuka ni vanishi ya nitro. Vyote vikishindwa na uso ni mnene unang'aa kama kioo, basi ni polyesta, waliipenda sana miaka ya 60, na hiyo mpelekee fundi anayeijua.

Hatua ya 4. Futa uchafu kwa kitambaa kilichokamuliwa kabisa na sabuni laini kidogo, kausha hapohapo.

Hatua ya 5. Kama ni shelaki, funga pamba ndani ya kitambaa cha kitani, iwe kama yai, nyonyesha shelaki nyepesi, tone la mafuta chini yake, halafu pitisha kwa mwendo wa namba 8 bila kusimama maana ukisimama tu inagandia na kubandua ulichokwishaweka. Matabaka membamba mengi, siku kadhaa, msiwe na haraka jamani.

MASWALI

Swali: Fundi shikamoo, yangu ina duara jeupe la kikombe, nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Jeupe ni unyevu umenasa kwenye polishi, mbao haijaguswa. Kitambaa chenye spiriti kidogo sana, pitisha juujuu tu kama unapeperusha vumbi, kama ni shelaki litafifia. Likiwa jeusi maji yalishafika kwenye mbao, hilo usilifanyie majaribio nyumbani.

Swali: Kaka, vinia imevimba katikati, niikate?
Jibu: Usikate kwanza. Nyingi za zamani zina gundi ya ngozi na mifupa, inalainika kwa joto. Weka kitambaa, pasi ya moto mdogo, kisha gandamiza na kitu kizito mpaka kesho. Ikigoma ndo unachana kwa wembe kufuata mistari ya mbao na kuingiza gundi mpya. Ila ujue joto linaweza kuacha weupe kwenye polishi, utarudia hatua ya 5 pale.

Swali: Nipo Italia pia, nataka kusafirisha ya mpalisanda nyumbani Dar, kuna shida?
Jibu: Ipo dada yangu. Mpalisanda wa Brazili ni Dalbergia nigra, ukoo mmoja na mpingo wetu, na toka 1992 upo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Hapa Ulaya msamaha wa vitu vya kale unahusu vilivyotengenezwa kabla ya Machi 1947, kwa hiyo meza ya miaka ya 50 haimo. Omba karatasi za kibali kabla hujalipa kontena, na muuzaji akuoneshe cheti chake cha kuuzia, asipokuwa nacho muache na meza yake.