Chipu zikiadimika, jaribu moja kabla ya kulehemu zote
Mwaka 2021 chipu ya STM32F103C8T6, kidhibiti kidogo kinachoendesha programu, ile inayokaa kwenye bodi ndogo ya bluu wanayoipenda wanafunzi wa elektroniki, iliadimika kwa wasambazaji rasmi na bei ikapaa mara kadhaa. Uhaba wa namna hiyo huleta bidhaa za kughushi, na anayeumia ni fundi mwenye haraka.

Ukilazimika kununua kwingine, tafadhali usiagize mia kwa mkupuo. Agiza tano. Chovya pamba kwenye asetoni, sugua mgongo wa chipu moja taratibu: pamba ikitoka nyeusi, huenda imepakwa rangi upya na kuandikwa jina jingine. Angalia miguu kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mabaki ya risasi ya kulehemu, huenda imeshang'olewa kwenye bodi nyingine. Kisha iunganishe na ST-Link, kifaa cha kuunganisha chipu na kompyuta, usome namba yake ya utambulisho. STM32F103 halisi hujibu 0x1ba01477, nakala nyingi hujibu 0x2ba01477. Zipo nakala zinazojibu namba ileile ya halisi, ndiyo maana nasisitiza pamba kwanza.

Na kama bado unachora bodi, fikiria mapema mbadala wenye mpangilio uleule wa miguu, kwa mfano GD32F103C8T6, inayouzwa kwa jina lake yenyewe. Jaribu programu yako humo sasa, maana kasi yake hutofautiana na kinachotegemea muda kinaweza kuvurugika.