Jinsi ya kuripoti matumbawe yaliyopauka ili data ifike kwa wanasayansi

Nyie mnaoshinda baharini, wavuvi, wakulima wa mwani, vijana mnaopeleka wageni kuogelea kwenye miamba, hii ni ya kwenu. Kaskazi ikiishia, Machi na Aprili, maji yanakuwa moto kuliko miezi mingine na hapo ndo tumbawe huzidiwa, linatoa ule mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulilisha, linabaki jeupe.

Setilaiti za NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, zinafuatilia joto la uso wa bahari kila siku, ramani iko wazi mtandaoni na ni bure, kila kipande kilomita 5. Wanahesabu ivi: maji yakizidi kwa nyuzi 1 ule wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, kila wiki ni pointi 1. Pointi zikifika 4 wanategemea kupauka, zikifika 8 wanategemea mengi kufa. Ila setilaiti inaona joto tu, tumbawe lenyewe hailioni, anayeliona ni wewe unayezama pale. Tarehe 15 Aprili 2024 NOAA na wenzao wa ICRI, ushirikiano wa nchi na mashirika unaolinda miamba ya matumbawe, walipotangaza kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne, kilichothibitisha ni taarifa za watu walioingia majini nchi nyingi, na Tanzania ilitajwa.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta chati ya rangi ya CoralWatch, mradi wa kufuatilia afya ya matumbawe, wako Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, unawaandikia wanakutumia. Usiprinti nyumbani maana printa inabadilisha rangi na kipimo chote kinaharibika. Chati ina rangi za namba 1 hadi 6, moja ni nyeupe kabisa, sita ni iliyokolea.

Nenda maji yakiwa yametulia, mchana, jua likiwa juu. Chagua tumbawe bila kutafuta lililo jeupe zaidi, hapa wengi wanaharibu, wanaogelea mwamba mzima wanarekodi matano yaliyopauka basi, huko Australia inaonekana mwamba wote umekufa. Chukua linalofuata na linalofuata mpaka yafike 20. Kila moja soma sehemu iliyopauka zaidi na sehemu iliyokolea zaidi, andika namba zote mbili kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, na aina yake: la matawi, la jiwe, la sahani au laini. Ncha za matawi ziache, zenyewe huwa nyeupe kwa sababu zinakua. Usishike wala usikanyage.

Weupe mwingine sio joto. Kuna kiti cha pweza chenye miiba kinakula tumbawe na kuacha doa jeupe safi, kiangalie chini na pembeni kabla hujaandika. Na likiwa limeota majani ya kijani au kahawia juu yake, hilo limeshakufa, liandike hivyo. Lililopauka bado lina uhai, joto likishuka mapema linaweza kurudi.

Piga picha, moja ya mbali na moja ya karibu, andika tarehe, kina, jina la mwamba mnaloliita nyie na namba za GPS za simu (chukua ukiwa juu ya chombo). Kisha tuma CoralWatch, na kwa ukanda wetu watumie CORDIO, shirika la utafiti wa bahari la Mombasa, walianza 1999 baada ya joto la 1998 kuua matumbawe mengi sana Bahari ya Hindi magharibi, na wanakusanya taarifa za nchi zetu zote pamoja. Ukiwa ndani ya hifadhi kama Mafia au Kisite, ongea kwanza na askari wa hifadhi.

Na jamani, ukikuta mwamba mzima una rangi yake nzuri, TUMA PIA. Hii nasisitiza kuliko yote. Ramani inapoonyesha hatari na mwamba wako hauna shida, hapo ndo kuna kitu cha kuchunguzwa, pengine kuna maji ya baridi yanapanda kutoka chini, pengine aina zenu zinavumilia joto. Bila taarifa yako watadhani tu mwamba wako umepauka kama mingine.

Baada ya mwezi rudi mwamba ule ule, pima tena, tuma tena. Namba zikipanda, yanarudi, zikishuka kwa 2 hivi kutoka mara ya kwanza wajulishe siku hiyo hiyo.