Kupiga hesabu ya udongo wa barabara: tripu zinapotelea wapi?

Wakuu, kuna vijana wengi saiti fomula ya ujazo wanaijua vizuri kabisa, ila ukiwauliza kesho tunahitaji tripu ngapi za kifusi wanachukua ujazo wa kwenye mchoro wanagawanya kwa ujazo wa tipa, basi wamemaliza, jioni tuta (udongo unaojazwa kuinua barabara) halijafika levo na madereva ndo wanaanza kutazamwa vibaya. Shida ni kwamba kyubiki (mita za ujazo) ziko tatu: ya machimboni udongo ukiwa haujaguswa, ya kwenye bodi la tipa ukiwa umetifuka, na ya kwenye tuta rola likishapita. Kila namba unayoandika, andika pembeni ni kyubiki ya wapi.

Tuchukue kipande cha mita 20. Juu ya tuta upana mita 10, mteremko wa pembeni moja kwa mbili (ukishuka mita 1 unatoka nje mita 2), ardhi tambarare. Kwenye cheneji (alama ya umbali kando ya barabara) ya kwanza kimo ni mita 1.5, eneo la tuta ukilikata kwa upana linakuwa (10 + 2×1.5) × 1.5 = 19.5 mita za mraba. Cheneji inayofuata kimo ni 2.1, eneo 29.82. Jumlisha, gawa kwa mbili, zidisha na 20, unapata kyubiki 493.

Hapo wengi wanafunga daftari. Lakini si utakwangua udongo wa juu wenye mizizi kwanza? Ukikwangua sentimita 15, na kitako cha tuta ni wastani wa mita 17.2, umetengeneza shimo la kyubiki 51.6 ambalo nalo linataka kujazwa. Jumla inafika kama 545, na hiyo ni ya kwenye tuta, imeshashindiliwa.

Sasa rudi machimboni. Omba maabara wakupe densiti kavu (tani za udongo mkavu kwa kyubiki) ya udongo ulivyo pale chini pamoja na MDD yake, yaani densiti kavu ya juu kabisa unayoipata maabara ukiushindilia. Tuseme machimboni ni 1.65, MDD 1.95, na unatakiwa kushindilia asilimia 93, kwahiyo kwenye tuta utafika 1.81. Gawa 1.81 kwa 1.65, unapata 1.10. Maana yake 545 za tuta zinataka karibu 600 za machimboni. Eskaveta ikishachimba udongo unavimba, kwa huu tuweke asilimia 25, ila wewe pima wa kwako usikopi namba ya mradi mwingine, sababu mfinyanzi na mwamba uliovunjwa haviwezi kuvimba sawa. 600 × 1.25 ni 750. Kwa tipa ya kyubiki 15 ni tripu 50. Yule aliyegawanya 545 kwa 15 alisema 37. Tripu 13 kwenye mita 20 tu, piga mwenyewe kwa kilomita moja.

Angalia pia sehemu barabara inapotoka kwenye kukata kwenda kujaza. Njia ya wastani wa maeneo mawili inadanganya pale, sababu upande mmoja eneo ni sifuri. Kutoka sifuri hadi 29.82 kwa mita 20 wastani unakupa 298, ukijumlisha maeneo ya mwisho na la katikati mara nne (kimo 1.05, eneo 12.7), ukagawa kwa sita kisha ukazidisha na 20 unapata 269. Saveya chukua sekshen (vipimo vya mkato wa barabara) pale kwenye sifuri yenyewe, usisubiri cheneji ifike.

Mitambo sasa. Eskaveta inajaza tipa moja kwa dakika 6, machimbo yako kilomita 8, kwenda na kurudi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dakika 32, kumwaga na kugeuza 4. Mzunguko 42, gawa kwa 6, unahitaji tipa 7. Ukiweka 5 eskaveta inakaa bure inakula dizeli, ukiweka 10 zinapanga foleni na zote unalipia. Siku ya masaa 9 hesabu dakika 50 tu kwa saa, kila tipa itafanya tripu 10, jumla 70, ambazo kwenye tuta (70 × 15, gawa kwa 1.25, gawa kwa 1.10) ni kama kyubiki 764, yaani mita 28 za barabara. Bosi akikwambia kilomita kwa wiki, mwonyeshe hiyo.

Udongo wa kukata kilimani usiupange kwenye tuta kabla haujapimwa. Mchoro ukisema G7 (daraja la udongo) ni CBR, yaani kipimo cha uimara wa udongo kwa asilimia, isiyopungua 7, G15 isiyopungua 15, na ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika huo ni wa kutoa na kutupa, utafutie na sehemu ya kumwaga mapema. Unaofaa ubadilishe kwanza uwe kyubiki ya tuta ndo ujumlishe wa kukata na kutoa wa kujaza cheneji kwa cheneji, chora jumla hiyo kama mstari, mstari ukirudi sifuri ujue hadi pale udongo umetoshana.

Na maji jamani, hayaonekani kwenye hesabu za watu. Hizo kyubiki 545 ni tani 988 za udongo mkavu, ukipungukiwa unyevu kwa asilimia 6 unahitaji lita 59,000 hivi, hapo jua halijachukua chake, kwahiyo boza la lita 10,000 lije mara sita kwa mita 20.