Namna ya Kupanga Kanuni za Taarifa katika Kundi la Michango

Kamati ya harusi au ya msiba hapa Dar es Salaam hukusanya taarifa nyingi za watu kuliko wanakamati wenyewe wanavyodhani: majina, namba za simu, kiasi cha mchango, na mara nyingine habari za ugonjwa. Kabla ya kufungua kundi la WhatsApp, kamati ikubaliane ni yapi yataachiwa desturi na ni yapi hayabadilishwi na desturi yoyote.

Anzeni na yasiyobadilika. Ibara ya 12 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 na ibara ya 16 ya Katiba yetu zinalinda maisha binafsi ya mtu pamoja na familia yake, hivyo hoja kwamba faragha ni mambo ya Wazungu haina mashiko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Kisha ipimeni desturi kwa kuuliza inamfaa nani. Orodha ya waliochangia, yenye jina na kiasi, huenda ikamshangaza mgeni kutoka Berlin, lakini kwetu ndiyo hesabu ya mweka hazina mbele ya watu waliomwamini, nayo ibaki. Orodha ya wasiotimiza ahadi ni jambo jingine, kwa sababu kazi yake ni kuaibisha. Mwenye ahadi apigiwe simu.

Penye ugonjwa ndipo pagumu. Msemaji wa mgonjwa huwa kaka mkubwa au shangazi, na sioni ubaya katika hilo mradi mgonjwa mwenye fahamu zake awe ndiye aliyemtuma. Akiwa hawezi kusema, msemaji atoe kile tu kinachohitajika ili msaada upatikane: "Mzee amelazwa, tunahitaji damu na fedha za matibabu." Asitaje maradhi, wala asirushe picha ya mtu aliyelala wodini na dripu mkononi, hata kama picha hiyo huharakisha michango. (Huiharakisha kweli, na ndiyo maana katazo liandikwe mapema, kabla shida haijabisha hodi.)

Shughuli ikiisha, mweka hazina asome hesabu, karatasi za majina zichanwe zisije zikafungiwa karanga, admini afunge kundi, na namba za watu zisihamishiwe kamati nyingine kabla wenyewe hawajaulizwa.