Mbwa anatweta baada ya upasuaji: usikimbilie ndoo ya maji

Mbwa amefungwa kizazi asubuhi, jioni amerudishwa nyumbani. Ikifika saa mbili usiku anaanza kutweta, ulimi nje, macho yamelegea, na analia kilio chembamba kisichokoma. Mwenye mbwa anadhani ni homa, anachota maji na kummwagia. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana mbwa huyo huenda mwili wake umepoa kuliko kawaida, na kinachomtwetesha ni dawa ya maumivu aliyodungwa.

Dawa zenyewe ni za jamii ya afyuni: mofini, methadoni, fentanili, pethidini, buprenofini na butofanoli. Daktari wa mifugo huzitumia kabla ya nusukaputi, wakati wa kupasua na baada ya kushona. Huzuia taarifa ya maumivu isipite kwa ukali wake katika uti wa mgongo na ubongo. Tatizo ni kwamba sehemu zinazopokea dawa hizi zipo pia kwenye vituo vya ubongo vinavyoongoza pumzi, joto na kutapika, na nyingine zipo kwenye utumbo. Ndiyo maana maudhi yake hujitokeza sehemu nyingi za mwili kwa mpigo mmoja. Sishauri mtu azikatae kwa sababu hiyo. Mbwa aliyeachwa na maumivu hali, halali, na kidonda chake huchelewa kupona.

Turudi kwenye kutweta. Ubongo una kituo kinachopima joto la mwili, na afyuni hukishusha kipimo chake. Mbwa mwenye nyuzi 38.5, ambazo kwake ni za kawaida, anajiona ana joto kali, kwa hiyo anatweta ili ajipooze na joto linazidi kushuka. (Paka huenda kinyume: baadhi ya dawa hizi humpandisha joto.) Ukijumlisha na baridi ya nusukaputi, tumbo lililonyolewa manyoya na sakafu isiyo na tandiko, utaona kwa nini maji ni hatari. Pima kwanza kwa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa. Akiwa kati ya 38 na 39, mwache atwete. Akiwa chini ya 37, mfunike blanketi kavu na umpigie daktari. Chupa ya maji moto ifungwe kitambaa kinene, kwani mbwa aliyelewa dawa hana nguvu ya kujisogeza na huungua akiwa amelala hapohapo.

Kile kilio ndicho kinachowasumbua watu zaidi, na hata wataalamu hukosea hapo. Kuna kulia kwa maumivu na kuna kuweweseka kwa dawa. Anayeweweseka hulia bila kupumzika, hakutambui, hageuki ukimwita, na ukigusa karibu na mshono hakuna kinachobadilika. Mwenye maumivu hukilinda kidonda: ukikisogelea ananguruma, anajikunja au anageuza kichwa ghafla. Mara nyingi ukimbembeleza hutulia kidogo. Kwa anayeweweseka, giza na ukimya husaidia, kwa sababu dawa hizi humfanya mbwa ashtuliwe na kelele ndogo tu. Watoto wasimkaribie. Hata mbwa mpole anaweza kung'ata akiwa katika hali hiyo, na mbwa wa ulinzi asifunguliwe kulinda usiku huo. Ukishindwa kutofautisha, mpigie daktari. Yeye anaweza kuongeza dawa kidogo aone kama atatulia, au kuipunguza nguvu kwa dawa nyingine.

Kutapika hutokea zaidi kabla ya upasuaji, dakika chache baada ya sindano ya mofini, na humpata zaidi mbwa aliyeingia bila maumivu kuliko yule aliyevunjika mguu. Hili si ajabu: apomofini, inayotengenezwa kutokana na mofini, ndiyo hutumiwa kumtapisha mbwa aliyekula sumu. Methadoni huleta kutapika kwa nadra, na sindano ya maropitanti ikitangulia kwa muda wa saa moja hivi huzuia. Mbwa mwenye tumbo lililojaa gesi, mwenye jeraha la jicho au mwenye kitu kilichokwama kooni hapaswi kutapishwa kabisa, kwa hiyo mweleze daktari ulichoona nyumbani. Vilevile usimfiche kwamba mbwa amekula asubuhi. Akilala kwa nusukaputi, tindikali ya tumbo inaweza kupanda kooni kimyakimya na hata kuingia kwenye mapafu. Akianza kukohoa na kukosa nguvu siku 1 au 2 baadaye, au akianza kurudisha chakula wiki chache mbele, mrudishe kwa daktari na utaje upasuaji ule.

Kupungua kwa pumzi ndilo jambo linaloogopwa zaidi. Kwa mbwa aliye macho huwa nadra kufikia kiwango cha hatari. Hatari iko zaidi pale afyuni inapokutana na gesi ya nusukaputi. Moyo nao hupunguza mwendo, na daktari huurekebisha kwa atropini inapohitajika. Unapopanga upasuaji, uliza maswali mawili bila aibu: nani atakuwa anahesabu pumzi na mapigo, na je, oksijeni na naloksoni zipo? Naloksoni huzima kazi ya afyuni, lakini huondoa na nafuu ya maumivu, tena huisha mapema kuliko dawa nyingi inazozizima. Mbwa aliyezinduka anaweza kuzama tena usingizini, kwa hiyo asiruhusiwe kwenda nyumbani haraka.

Nyumbani, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Akilala, 15 hadi 30 kwa dakika ni sawa. Zikishuka chini ya 8, au fizi zikiwa nyeupe au za bluu, usisubiri kuche.

Sasa la mfugaji hasa. Kama mbwa ameogeshwa kwa dawa ya kupe yenye amitrazi, au amevaa mkanda wa shingoni wenye dawa hiyo, sema kabla hajadungwa chochote. Amitrazi peke yake humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo, na ikikutana na tramadoli, pethidini au methadoni inaweza kuleta mtetemeko, joto kali na degedege. Ukiwa na mbwa wa kuchunga wa ukoo wa Collie, sema pia: baadhi yao wana kasoro ya kurithi inayofanya butofanoli iwalaze kupita kiasi, na dozi yao hupunguzwa.

Tramadoli ya binadamu iliyobaki kabatini muiache huko. Ini la mbwa hutengeneza kidogo sana kile kiini chenye nguvu ambacho binadamu hukipata kutoka kwenye tramadoli, kwa hiyo maumivu hubaki huku maudhi yakija. Vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli vinaweza kudhuru ini lake, na dawa za maji zenye utamu wa zailitoli ni sumu kwake.

Choo kikichelewa siku 2 au 3 usihangaike. Tumbo lilikuwa tupu na utumbo umepunguza mwendo. Mkojo ni habari nyingine, hasa kwa mbwa aliyedungwa mofini ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Mtoe nje polepole kila baada ya saa chache, na akikaa nusu siku bila kukojoa huku anakunywa maji, mpeleke akakaguliwe kibofu. Kwenye kadi yake andika jina la dawa aliyopewa, dozi na alivyoipokea. Daktari atakayempasua safari ijayo ataanzia hapo.